Bwana Shamba na Zulia la Altare

Paka yule alipewa jina la Bwana Shamba siku ileile aliyoingia ghalani, na aliyempa jina ni Eufrazia, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kulala na njaa.

"Mtazameni," alisema, "anapita, anakagua, anatazama kila kitu kama cha baba yake, halafu anakwenda kulala. Bwana shamba kabisa huyu!"

Wanawake wakacheka mpaka sufu ikawatoka mikononi. Kila mmoja wao alimkumbuka bwana shamba fulani wa zamani aliyekuja Sitalike na kofia pana kuwafundisha kulima mpunga watu waliozaliwa ndani ya mpunga. Tofauti ni kwamba huyu wa manyoya kazi aliifanya. Kabla hajaja, panya walikuwa wanazalia ndani ya mabonge ya uzi. Unavuta uzi mwekundu, unatoka na vitoto vitatu vya panya vimefumba macho. Bwana Shamba alilimaliza tatizo hilo kabla mwezi haujaandama, na hakudai hata posho.

Ghala lenyewe lilikuwa la ushirika. Lilijengwa enzi zile watu walipohamishwa mashambani na kupangwa kwenye mistari kama viazi, na waliobeba mchanga kutoka mto Katuma kichwani walikuwa wanawake, mama yake Pelagia, kiongozi wa wafumaji hawa, akiwa mmojawapo. Ushirika ulipokufa, ghala likaachiwa popo. Popo hawakuandika barua ya maombi. Lakini wanawake walipolitaka wafanyie kazi zao, waliambiwa waombe, wasubiri, waombe tena, na washukuru. Pelagia aliomba, akasubiri, akaomba tena. Kushukuru ndiko kulikomshinda. Alipokabidhiwa ufunguo alisema, "Mama yangu amerudishiwa mchanga wake," akageuka akaenda zake kufagia kinyesi cha popo.

Basi humo ndani, kiangazi cha mwaka tisini na sita, ndimo walimokuwa wakifuma mazulia. Sufu yao ilishuka kwa treni hadi Mpanda ndani ya marobota ya mitumba. Ulaya huko watu hutupa masweta mazito yenye picha za paa mwenye pembe kama matawi ya mti, na masweta hayo yakifika kwetu kwenye joto, nani atayavaa? Mazima yalipandishwa milimani Mwese ambako baridi inajua kuuma. Yaliyotobolewa na nondo hayakuwa na mwenyewe, na mfanyabiashara Kasimu aliwatupia wanawake wa Sitalike kama mtu anayetupa maganda. Wao waliyafumua uzi mmoja mmoja, wakauviringisha kwenye mabonge, wakaufuma upya kwenye fremu kubwa ya mbao iliyosimamishwa ukutani. Paa wa Ulaya akageuka kuwa maua ya Sitalike. Ilikuwa kazi tamu. Asubuhi ghala lilikuwa na ubaridi wake, mwanga ulipenya kwenye matundu ya bati ukadondoka sakafuni kama sarafu, na wanawake walisema mambo ambayo nyumbani hayana pa kusemewa.

Fremu ile ilihitaji watu wawili kwa zulia moja. Mmoja anakaa kushoto, mwingine kulia, kila mtu anafuma upande wake, na katikati nyuzi zao zinanasana. Mmoja akikaza na mwingine akilegeza, zulia linapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Pelagia alikuwa amejaribu kukaa na kila mwanamke wa kikundi. Eufrazia alikaza wakati anasengenya na kulegeza wakati anacheka. Mtu mmoja tu mkono wake ulivuta sawa na wa Pelagia, bila kuambizana, bila kutazamana. Mtu huyo alikuwa Kabula.

Kabula alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe waliingia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga mwishoni mwa miaka ya themanini, na siku walipofikishwa mbele ya mkutano wa kijiji kuomba mahali pa kukaa, aliyesimama wa kwanza kusema alikuwa Gelasius, wakati huo balozi wa nyumba kumi.

"Hawa watu wananuka samli," alisema. "Mkiwapa ujirani, hata fisi wa porini watajua njia ya kuja kwetu."

Mkutano ukacheka. Kabula alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga, lakini kicheko cha watu wengi hakihitaji kutafsiriwa. Walipewa mahali, mbali, ng'ambo ya mabonde. Na tangu siku hiyo, kila penye watu wengi, Kabula alikaa mlangoni, upande upepo unakotokea kwenda nje, ili asimsumbue mtu.

Watu wa hapa hawakumbuki mambo yanayowaaibisha. Leo ukiwauliza kuhusu mkutano ule watasema hawakuwepo, wote kabisa, kama vile Gelasius alihutubia miti. Pelagia alikuwepo na anakumbuka hata nani alicheka akashika mbavu. Na anakumbuka pia kwamba mvua mbili hazijapita, wake wa walewale walianza kupita kwa Kabula jioni, kwa mlango wa nyuma, na chupa zimefichwa ndani ya kanga, kununua samli ya kutia kwenye wali.

Kikundi kilipoanza, Pelagia alitembea mwenyewe hadi ng'ambo ya mabonde kumwita Kabula. Alikuja. Siku ya kwanza alikaa mlangoni. Siku ya pili Pelagia alimwekea kigoda mbele ya fremu, upande wa kulia, akamwambia, "Hapa ndiyo kwako." Akakaa. Na uzi wake! Uzi uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu huwa una makunyanzi kama nywele zilizofumuliwa msuko, unakataa kunyooka. Wa Kabula ulilala. Ulipita kwenye fremu kama maji. Eufrazia alikuwa akiushika na kuguna, "Mwenzetu una dawa gani?" Kabula anacheka tu, anasema, "Mkono, dada. Mkono."

Kanisa jipya la kigango lilipoezekwa bati, padre akawaambia wanawake anataka zulia la mbele ya altare, kubwa, la siku ya kubariki kanisa, kabla mvua hazijaanza. Kikundi kizima kilijua litafumwa na nani. Pelagia kushoto, Kabula kulia. Wakaanza.

Na hapo ndipo Bwana Shamba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza panya, alipoharibu.

Walifika asubuhi moja wakakuta zulia limechanwa. Nyuzi zimevutwa nje kama utumbo, maua mawili hayana sura, bonge zima limeburutwa hadi kona ya ghala na paka amelilalia, usingizi wa mtu mwenye dhamira safi. Wakacheka, wakatengeneza. Siku chache baadaye, tena. Halafu tena. Na kila mara ilikuwa kulia. Upande wa Pelagia paka hakuugusa hata kwa ukucha mmoja. Palipokatika ni palepale katikati nyuzi zinaponasana, kama vile mtu amechora mpaka kwa kisu.

Walijaribu kila kitu. Walipaka maji ya pilipili kichaa. Pelagia akajisahau akafikicha jicho, akakaa mchana kutwa analia kama mfiwa, na Bwana Shamba akaendelea na kazi yake. Walinyunyiza mafuta ya taa. Zulia likanuka kama kibatari, na Eufrazia akauliza kama wanataka padre alipuke pamoja na mishumaa. Walizungushia fremu miiba ya mgunga. Paka alipita chini kwa heshima zote, Eufrazia ndiye aliyeikalia. Walimfungia nje, panya wakarudi na ukoo mzima.

"Huyu Bwana Shamba anakagua uzi wa Wasukuma tu," Eufrazia akasema siku moja. Alikusudia utani, maana Wasukuma ni watu wa kutaniwa na wao wanajua kutania. Lakini Kabula hakujibu utani. Aliinama akaanza kuunga nyuzi zake, na baada ya muda akasema polepole, bila kumtazama mtu:

"Watu walinikataa, nikazoea. Sasa hata paka wa kijiji hiki hanitaki."

Hata Eufrazia hakuwa na neno.

Neno lilikuwa na Gelasius. Huyu bwana kila kipindi alikuwa na cheo. Vyeo vilibadilika, yeye alibaki. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa, na alipita ghalani kila alipojisikia, mikono nyuma, akitazama kazi asiyoijua. Akaona tundu upande wa kulia. Akauliza ni upande wa nani, ingawa alimwona Kabula amekaa hapo.

"Mimi sisemi kitu," akasema, maneno ambayo husemwa na mtu anayetaka kusema kila kitu. "Lakini zulia ni la altare. Huyu mama hata ubatizo hana. Mimi naona kama hata mnyama ameona."

"Ameona nini?" Pelagia akauliza.

"Mnyama ana macho yake, mama. Huyu angefuma vile vizulia vya kufutia miguu. Vya mlangoni."

Vya mlangoni. Pelagia akafungua mdomo amjibu. Lakini Kabula alikuwa amemshika mkono chini ya fremu, akaubana, kumwambia aache. Gelasius alipotoka, Kabula akasema, "Dada Pela, sikiliza. Nitautengeneza huu. Likichanwa tena, narudi kwa ng'ombe wangu, na hutanifuata. Utaniapia."

"Siapi."

"Basi usiape. Lakini nitakwenda."

Pelagia alimjua. Kabula hakuwa mtu wa kutishia, alisema analolitenda. Na bila mkono wa Kabula zulia lingepinda, altare ingepata zulia lililonuna, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kile kigoda cha upande wa kulia. Kikibaki kitupu, kijiji kizima kitasema, tuliwaambia. Gelasius atakuwa amesema kweli, baada ya miaka yote hiyo, na shahidi wake ni paka.

Mchana huo Kabula aliwahi kuondoka kukamua, na Pelagia akabaki kumsaidia kuunga. Alikaa chini na bonge la Kabula mapajani. Bwana Shamba akaja, akampandia magotini, akaanza kunguruma kama mashine ya kukoboa, akakanyagakanyaga lile bonge kwa kucha. Pelagia akamsukuma. Paka akarudi. Akamkamata kidole gumba akaanza kukilamba, ulimi kama msasa, anafumba macho kwa raha.

Pelagia akakinusa kidole chake.

Samli.

Akalinusa bonge. Akachukua bonge lake mwenyewe akalinusa, vumbi na sabuni. Akarudi kwa la Kabula. Harufu ilikuwa ndogo, nzuri, ya wali wa sikukuu. Ndiyo maana uzi ulilala! Ndiyo maana ulipita kama maji! Na paka, masikini, alikuwa anafanya ambacho paka yeyote angefanya akionyeshwa ukuta wa samli wenye mahali pazuri pa kushika kucha.

Angepaswa kufurahi. Badala yake alikaa pale anatamani asingejua. Kwa sababu atamwambiaje? Atafungua mdomo aseme, Kabula, unanuka samli? Neno lilelile? Kuna maneno ambayo mtu mmoja akishayatumia kama fimbo, hata akiyachukua mwingine kwa nia njema, aliyepigwa haoni nia, anaona fimbo.

Jioni alikwenda ng'ambo ya mabonde. Njia nzima alipanga maneno. Alimkuta Kabula nje ya nyumba yake, miguu imenyooshwa, anafumua sweta la kijani. Kando yake palikuwa na kibuyu kidogo. Alikuwa anachovya kidole ndani, anapitisha uzi kati ya vidole, anaviringisha. Wala hakuficha. Kwa nini afiche?

"Mwangaluka," Pelagia akasalimia, kwa Kisukuma chake chote, ambacho kiliishia hapohapo.

"Mwangaluka! Yaani unanipa salamu ya asubuhi jua linazama!" Kabula akacheka, akaingia ndani akatoka na maziwa ya mgando kwenye bakuli. Wakanywa. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, vumbi jekundu limesimama juu yao.

"Kabula," Pelagia akaanza.

"Najua ulichokuja kusema. Unataka nisiondoke." Kabula alitazama vidole vyake. "Nikwambie kitu, dada Pela. Lile neno la siku ya mkutano, mimi nimelisikia kisimani, nimelisikia sokoni, kwenye mashine ya kukoboa nimelisikia. Watoto wangu wamelisikia shuleni. Ghalani tu ndiko sijalisikia. Hata Eufrazia na mdomo wake ule. Ndiyo maana nakuja."

Pelagia akameza maziwa. Akameza na maneno yote aliyoyapanga njiani. Akashukuru kwa maziwa, akasema giza linamkuta, akaondoka na hasira ambayo hakujua ampe nani. Hapana, alijua.

Asubuhi iliyofuata zulia lilikuwa limechanwa vibaya kuliko siku zote. Bwana Shamba alikuwa juu kabisa ya fremu, kucha nne ndani ya ua la kijani, ananing'inia kama nguo iliyoanikwa.

Kabula aliingia, akatazama. Akavua kitenge alichojifunga kiunoni cha kufanyia kazi, akakikunja vizuri, akakiweka kwapani. Akainama, akachukua kigoda, akakisogeza ukutani kisimzuie mtu njia. Na wakati huohuo, kama vile alikuwa anangoja nyuma ya mlango, Gelasius akaingia na gunia mkononi.

"Nimekuja kumchukua huyu mnyama," akasema. "Nikamtupe porini huko, chui wajue la kufanya." Kisha akaona zulia, akaona kitenge kwapani kwa Kabula, na sauti yake ikawa laini, sauti ya kanisani. "Ah. Naona mama ameelewa mwenyewe. Vizuri. Mimi sikutaka kusema. Hata mnyama ameona."

Hapo Pelagia akasimama.

"Mzee Gelasius, weka gunia chini. Kabula, usiondoke. Nina neno, na nitalisema mbele ya huyu, kwa sababu huyu ndiye aliyelichafua."

Alichukua bonge lake, jekundu, akaliviringisha sakafuni likapita mbele ya paka, aliyekuwa ameshashuka. Bwana Shamba alilitazama kama mtu anayetazama mvua ya mwaka jana. Akachukua bonge la Kabula, la kijani, akaliviringisha. Paka aliruka hata kabla halijasimama, akalikumbatia kwa miguu minne, akalala chali, akaanza kulilamba, kichwa kinakwenda huku na huku.

"Mnaona? Huyo hajamkataa mtu. Huyo anampenda Kabula kuliko sisi wote." Akamgeukia rafiki yake. "Uzi wako una samli, mwenzangu. Nilijua jana. Nilikuja kwako kukwambia nikashindwa, kwa sababu neno hili lilishatumika kukupiga. Lakini samli ni samli. Haina kosa. Aliyekosa ni mdomo."

Kabula alisimama na kitenge kwapani, anamtazama paka. Akamtazama muda mrefu. Kisha pembe moja ya mdomo ikatikisika.

"Naupaka," akasema. "Mbona naupaka kila siku! Kwetu ngozi ya kulalia isipopakwa samli inakakamaa kama bati. Mama yangu alinifundisha. Nikasema, sufu si manyoya ya kondoo? Ngozi na manyoya si vya mnyama mmoja?" Akawageukia wenzake. "Na nyie hamkusikia harufu? Hizo pua mnazo za nini?"

"Tulisikia," Eufrazia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliongea kwa sauti ya chini. "Mimi nilisikia siku ya kwanza. Niliona aibu kusema."

"Aibu! Yaani paka anakula zulia la altare, nyie mnaona aibu!"

Na kicheko kikamshika Kabula. Kilianzia mbali, tumboni, kikampandisha mabega, kitenge kikaanguka. Pelagia akacheka huku machozi yanamtoka, safari hii bila pilipili. Ghala zima likacheka, na Gelasius akabaki katikati na gunia lake, hajui kama acheke au akohoe. Akakohoa.

"Hata hivyo," akaanza, "suala la usafi..."

Bwana Shamba aliliacha bonge. Aliinuka, akajinyoosha, akatembea kwa mwendo wake ule wa ukaguzi moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti. Mkono wa kulia wa Gelasius ulikuwa unaning'inia kando ya suruali. Paka alisimama kwa miguu ya nyuma, akaushika kwa mikono yote miwili kama anayepokea baraka, akaanza kulamba. Kidole kimoja. Kingine. Katikati ya vidole. Anafumba macho, ananguruma.

Ilikuwa asubuhi, na kwa mwenyekiti, kama ilivyojulikana baadaye, kulikuwa na kiporo cha wali.

"Mayu!" Kabula akasema taratibu, akimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mwenyekiti, ile chupa aliyochukua mama wa nyumbani kwako juzi, naona ilikuwa nzuri."

Na Eufrazia, ambaye sauti yake ilikuwa imesharudi yote na faida, akapiga makofi mara moja akasema, "Hata mnyama ameona!"

Gelasius aliondoka. Gunia aliliacha, na lilifaa, waliliweka mlangoni la kufutia miguu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa kazi ya raha. Upande wa Kabula ilibidi ufumuliwe wote uoshwe. Na kwa kuwa katikati nyuzi zimenasana, huwezi kufumua upande mmoja ukaacha mwingine; Pelagia naye alifumua wa kwake, safi kabisa usiokuwa na kosa, na hakunung'unika. Wakaosha uzi wote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, wakauanika kwenye kamba ukiwa mbichi, wakaufungia mawe ya mto Katuma kwa chini ili ujinyooshe wenyewe. Ulikauka umelala. Haukulala kama ule wa samli, Kabula alisema, na wote walikubali, lakini ulilala.

Samli yenyewe haikufukuzwa ghalani. Ilihamishwa tu. Kabula alileta gogo la urefu wa mtoto anayesimama dede, wakalizungushia kamba ya katani toka juu hadi chini, wakalisimamisha kando ya mlango, na kila Jumatatu yeye mwenyewe alichovya kidole kwenye kibuyu akalipaka. Bwana Shamba alilitambua kabla kidole hakijatoka. Alilipanda, akalichana, akalikumbatia, akalilamba, akalala chini yake. Zulia akalisahau kama mwanasiasa anavyosahau kijiji. Wanawake wa Mpanda mjini waliposikia, wakatuma watu kuuliza hiyo dawa ya kuzuia paka inauzwaje, na Eufrazia akawajibu kwamba inauzwa kwa Kabula, mlango wa mbele.

Mvua ya kwanza ilikuwa bado iko juu ya pori la hifadhi, inanguruma tu, siku kanisa lilipobarikiwa. Zulia lilitandikwa mbele ya altare, limenyooka, halikupinda kokote. Padre alilikanyaga, akasimama kidogo, akatazama chini, akatabasamu, akaendelea na misa. Gelasius alisoma majina ya waliochangia ujenzi, marefu na vyeo vyake. Ya wafumaji hakuyasoma. Pelagia aliliweka hilo akilini mahali anapoweka mengine, na alijua siku yake itafika. Lakini si leo. Leo alikuwa anatafuta mtu.

Alimtafuta mlangoni kwa mazoea, upande wa upepo. Hakumwona. Akageuza shingo, akapitisha macho kwenye mabenchi, akamkuta katikati ya kanisa, amebanwa na watu kulia na kushoto, mtoto wa mtu mwingine mapajani. Eufrazia alikuwa pembeni yake anamnong'oneza kitu, bila shaka kibaya, kumhusu mtu aliyesimama mbele. Kabula alikuwa amejipaka samli mikononi na usoni, kama anavyojipaka mwanamke wa kwao siku ya sherehe, anang'aa.

Pelagia akajipenyeza hadi kwenye benchi lile.

"Sogeeni," akasema. "Mimi nakaa kushoto."